Pampu Iliyoelewa Kinyume

Kituo cha Afya cha Masista,
Msanzi.
Jumatatu, 3 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama Asnath naye mpe shikamoo yake. Natumaini dagaa wanakauka vizuri na jua la ziwani halijawatupa mkono. Huku juu jua lipo, lakini ni la kuangalia tu. Leo asubuhi nimekunywa uji wa ulezi nimekikumbatia kikombe kwa mikono miwili na bado meno yaligongana.

Kazi nimepata. Fundi Ignasi amepewa kazi ya kufunga mashine ya kupasha joto wodi ya wazazi, na mimi ndiye msaidizi wake. Usicheke kabla hujamaliza kusoma. Hii mashine haichomi kuni wala mkaa. Waliokuja kuchimba wameshusha mabomba ardhini, mita themanini kwenda chini, mashimo manne. Maji yanazungushwa humo na pampu, yanarudi na uvuguvugu wa ardhi, mashine inaukusanya na kuuzidisha, halafu maji ya moto yanapita kwenye vibomba vilivyofukiwa chini ya sakafu. Sakafu ikipata joto, wodi nzima inapata joto. Watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao ndio waliolengwa, maana mwaka jana mwezi kama huu Sista Agnesi anasema walikuwa wanawazungushia chupa za maji ya moto na kuomba Mungu.

Waliochimba wameondoka. Kilichobaki ni umeme: kuunga pampu na kontrola yake. Pampu yenyewe haina mwendo mmoja. Kontrola inaiamuru iende kasi au ipunguze, kulingana na baridi ya siku. Sijawahi kugusa kitu kama hiki. Kitabu chake ni cha Kijerumani, picha ndizo zinazonisaidia.

Nakuandikia badala ya kumpigia Mama Asnath akusimulie, kwa sababu najua angekuandikia kwenye karatasi maneno matatu: "Emere hajambo, kazi." Na mchoro wa nyaya hausimuliki kwenye simu. Nimeuweka humu ndani. Uangalie uniambie.

Mpwa wako,
Emerensiana


Kirando,
7 Juni 2024

Mpwa wangu Emere,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani Ignasi amekudanganya. Mara ya pili nilimwonyesha Mama Asnath, naye akapiga ishara ya msalaba. Mara ya tatu nikaelewa. Hiyo ni friji iliyogeuzwa! Friji huwanyang'anya samaki joto lao na kulitupa nyuma. Pale dukani kwa jirani nimeweka mkono nyuma ya friji yake nikahakikisha, mwenye duka akadhani naiba waya. Ya kwenu inainyang'anya ardhi joto na kulimwaga wodini. Aliyeifikiria kwanza hakuwa mjinga.

Pampu nilizozihudumia miaka thelathini zilikuwa na tabia moja tu: zikiamka zimeamka, zikilala zimelala. Ndizo zilizoniondolea masikio. Hizi za kuamriwa mwendo sizijui, na sitajifanya nazijua. Lakini umeme ni uleule. Zima breka kubwa, ifunge kwa kufuli, ufunguo utie mfukoni mwako, si mfukoni mwa mtu mwingine hata awe padri. Kisha pima kwa mita kabla ya kugusa. Na kontrola za namna hiyo ndani zina kapasita, zinabaki na umeme hata baada ya kuzimwa. Subiri dakika kumi. Kunywa chai. Nimemwona mwanamume mzima akirushwa ukutani kwa sababu hakuwa na subira ya kikombe kimoja.

Mchoro wako ni mzuri. Nyaya nyembamba za amri usizipitishe pamoja na nyaya nene za umeme, zitatiana kelele na amri zitavurugika.

Asnath yuko kijiji cha pili kutoka hapo, unajua nyumba ya Edwin. Mpitie dada yako. Miezi saba sasa, na mama yake anasema tumbo lile si la mtoto mmoja. Sisi tuko mbali, wewe ndiye macho yetu.

Mwambie Ignasi namsalimu.

Mjomba wako,
Meshack


Msanzi,
Jumatano, 12 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Asnath nilimpitia Jumapili baada ya misa. Mama yake hakukosea: ni pacha! Wamepimwa hapa kituoni. Anakula maharage kama mkulima, na akicheka tumbo linaruka upande mmoja, halafu upande wa pili. Edwin anamzunguka kama kuku.

Sasa kazi. Jumatatu tuliwasha. Nilizima, nikafunga, nikanywa chai (vikombe viwili), nikapima, tukaunga. Mashine ikaamka, pampu ikazunguka. Masista walipiga vigelegele. Mchana kutwa ilikwenda vizuri.

Jumanne asubuhi kukawa na baridi ile ya umande mweupe kwenye majani. Tukakuta taa nyekundu, mashine imejizima na sakafu baridi kama jiwe la mtoni. Nikaiwasha, ikaenda robo saa, ikajizima tena. Mchana jua lilipotoka ikakubali kwenda. Leo asubuhi vilevile. Yaani kukiwa na joto inafanya kazi, kukiwa na baridi inagoma. Mjomba, umewahi kuona koti linalokubali kuvaliwa wakati wa jua tu?

Nyaya nimezikagua zote, moja moja. Fundi Ignasi naye amekagua. Kila moja iko mahali pake.

Tarehe 29 wageni wanakuja kufungua wodi. Lakini si wageni wanaoniumiza kichwa. Sista Agnesi ana akina mama wawili ambao huenda wakajifungua kabla ya siku zao, na ameacha kununua mkaa kwa sababu ametuamini.

Emere


Kirando,
15 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Kwanza, pacha! Mama Asnath alitoka nje akawaambia wanawake wote waliokuwa wanageuza dagaa, mimi nikaona midomo tu inafunguka. Nadhani hata ng'ambo ya Kongo wamesikia.

Pili, pampu. Mabomba ya ardhini yakiwa na hewa ndani, pampu inasukuma mapovu badala ya maji, na mashine inakosa maji ya kutosha, inajizima kujilinda. Toeni hewa. Fungueni vali ya juu mpaka maji yatoke bila kutema mate.

Kama si hewa, basi Ignasi ameunga vibaya na anaogopa kusema. Namjua tangu alipokuwa anafuta mafuta kwenye karakana yangu. Ana mikono mizuri lakini macho yake huona kile anachotaka kuona. Mwambie hivi, kwa maneno yangu: "Mzee Meshack anasema ukapime macho, na ukitoka huko ukapime na kichwa." Mwambie usoni. Usimwonee haya.

Mjomba


Msanzi,
Jumanne, 18 Juni 2024, jioni

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii nampa kondakta wa gari la kwanza kesho. Tafadhali nijibu kwa gari la kwanza linalopanda.

Hewa tumetoa. Maji yanatoka safi, hayatemi. Tatizo liko palepale.

Na hakuna "tumetoa". Nimetoa mimi. Mjomba, Fundi Ignasi hayuko hapa. Tarehe nne alianguka na pikipiki karibu na Izia akavunjika mguu, yuko hospitali Sumbawanga, mguu umening'inizwa kwa kamba. Kazi nimefanya peke yangu tangu mwanzo. Sikukwambia kwa sababu ungepanda mlima siku ileile na kikohozi chako, na kwa sababu nilitaka siku moja nikwambie kwamba nimeimaliza. Ujumbe wako wa macho na kichwa nilimpelekea Ignasi Jumapili. Nilimsomea kitandani. Alicheka mpaka mguu ukamuuma, akamwita nesi. Lakini uliniuma mimi, maana macho yenyewe ni yangu.

Leo nimekaa na pampu tangu saa kumi na mbili asubuhi, nikiiangalia tu. Na nimeona jambo. Ina kioo kidogo kinachoonyesha mwendo. Kukipambazuka na baridi, mashine inaomba maji mengi. Ndipo pampu inapolegea! Jua likipanda, mashine inaomba kidogo, pampu inakimbia kama imefukuzwa na nyuki. Kila inachoambiwa inafanya kinyume. Nimebadilisha nyaya za amri, hii huku, hii kule. Haikufanya kitu kabisa. Nikazirudisha.

Asnath hajambo. Nimemwona leo, anakula vizuri.

Mjomba, nahitaji jibu zaidi ya nilivyowahi kuhitaji jibu lako.

Emere


Kirando,
Jumatano, 19 Juni 2024

Mpwa wangu Emere,

Marahaba.

Ya Ignasi tutayazungumza siku nyingine, na mimi nitamwomba radhi mwenyewe. Umeunga mashine hiyo peke yako. Hapo nimepasoma mara mbili.

Sasa nisikilize. Mtu anayefanya kinyume siku moja amekosea. Anayefanya kinyume kila siku, bila kukosa, hajakosea. Ameelewa, ila ameelewa lugha nyingine. Kwa hiyo acha kutafuta waya mbovu. Waya mbovu hauna utaratibu.

Fanya hivi. Zima, funga, subiri, pima. Chomoa nyaya za amri kwenye pampu, zifunike ncha zake. Washa. Pampu sasa haisikii amri yoyote. Angalia inafanya nini. Ikisimama, basi imefundishwa kwamba kimya maana yake lala, nami nitakuwa nimekosea. Lakini ikikimbia kwa nguvu zake zote, basi imefundishwa kwamba kimya maana yake kimbia, na kila amri inayoongezeka ni kuambiwa taratibu, taratibu. Kontrola yako inazungumza kwa mtindo ule mwingine. Itakuwa mahali fulani kuna pa kuchagua mtindo. Tafuta kwenye kitabu, hata kama ni Kijerumani.

Na ikikimbia, usiirudishie amri upesi. Iache ikimbie mpaka wodi ipate joto. Umeme utaliwa zaidi kwa siku mbili tatu, uliwe.

Nafurahi kusikia Asnath hajambo.

Usiharakishe mkono. Kula kwanza.

Mjomba wako,
Meshack


Msanzi,
Jumapili, 23 Juni 2024

Mjomba! Mjomba!

Shikamoo, shikamoo, na sijui nianzie wapi.

Barua yako niliipata Alhamisi saa tisa alasiri. Dereva alisimamisha gari getini akapiga honi mpaka Sista akatoka akidhani ni mgonjwa. Nilisoma nimesimama. Nikaenda nikazima, nikafunga, nikakaa kwenye ndoo dakika kumi. Chai sikuigusa. Nikachomoa nyaya za amri. Nikawasha.

Ikakimbia! Kioo kikaonyesha mwendo wa mwisho kabisa. Nilipiga kelele, Sista Agnesi akaja mbio.

"Umepigwa na umeme?"

"Hapana, Sista. Imenielewa!"

"Nani?"

"Pampu!"

Akaniangalia vile masista wanavyomwangalia mtu anayehitaji kupumzika.

Kwenye kitabu kuna ukurasa wenye michoro miwili, mmoja mstari unapanda, wa pili unashuka. Wiki mbili nimepita hapo nikidhani wa pili wameuchapa kichwa chini! Ndiyo mitindo miwili. Kwenye kontrola kuna pa kuchagua. Lakini nilifanya ulivyosema, niliiacha ikimbie kwanza.

Sasa nina la kukiri. Uniwie radhi, na Mama Asnath aniwie radhi zaidi. Nilipokuandikia Jumanne kwamba Asnath hajambo, Asnath alikuwa kitandani wodini, hatua ishirini kutoka nilipokaa. Uchungu ulimwanza mapema asubuhi ile. Edwin alimleta amembeba. Walimpa dawa ya kuutuliza, wakasema labda utatulia siku mbili, labda tatu. Nilimwomba Edwin asiwapigie Kirando. Nilisema, wazee watapanda mlima wakiwa roho juu, na Mjomba atashindwa kufikiria pampu. Kwa hiyo nilidanganya kwa mkono wangu mwenyewe, na alikuwa kweli anakula vizuri. Hilo tu ndilo lilikuwa kweli.

Alhamisi jioni sakafu ilianza kupata uvuguvugu. Ijumaa asubuhi nje umande ulikuwa mweupe kama unga, nikaingia wodini nikakuta manesi wote wamevua viatu. Wanatembea pekupeku, wanacheka, wanaitana. "Njoo ukanyage hapa! Hapa pana moto zaidi!" Muuguzi mkuu, mama mtu mzima mwenye miwani, alikuwa amesimama kona ya dirisha na soksi zake mkononi, amefumba macho. Kipimajoto cha ukutani kilisoma ishirini na sita.

Saa nne asubuhi akazaliwa msichana. Baada ya dakika kumi na moja, mvulana. Msichana kilo moja na mia nane, mvulana ni mdogo zaidi lakini ndiye mwenye sauti. Wote wanapumua wenyewe. Asnath hajambo, Mjomba, safari hii ni kweli, naapa. Amenituma niseme kwamba mtoto wa kike ana masikio yako, makubwa.

Jana nikachagua mtindo, nikarudishia amri. Asubuhi ya leo baridi ilipozidi, pampu ikaongeza mwendo yenyewe, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi. Nilikaa nikaiangalia mpaka nikachelewa misa.

Mpwa wako asiyelala wala asiyechoka,
Emerensiana


Kirando,
Jumatano, 26 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Tulijua.

Edwin alikuwa amekwisha kumtumia mama mkwe wake ujumbe Jumanne, kabla hujamwomba anyamaze. Mama Asnath alinishika mkono akanionyesha simu. Tulikuwa tumeshafunga mzigo wa kupanda Alhamisi asubuhi. Ndipo Jumatano jioni kondakta akaleta barua yako. Nikasoma "Asnath hajambo", nikampa mama yake naye akasoma. Tukaangaliana. Nikamwambia, "Huyu mtoto anatuficha ili nifikirie pampu." Akaniandikia kwenye daftari letu: "Basi ifikirie." Nikamwambia, "Tukipanda, ataona tumejua, ataiacha pampu." Akafungua mzigo, akaanza kurudisha nguo kabatini, moja moja. Emere, katika miaka thelathini na mbili ya ndoa sijamwona mwanamke yule akifanya jambo gumu kuliko hilo.

Ile barua yangu niliiandika mara tatu. Ya kwanza mwandiko ulionyesha. Ya pili niliandika "mpe Asnath pole" bila kujua, nikaichana. Ya tatu ndiyo uliyopata. Kwa hiyo wewe ulinidanganya na mimi nilikudanganya, tena kwa maneno yaleyale. Sijui tutakwenda kuungama kwa padri yupi.

Ijumaa mchana Edwin alipiga. Mama Asnath alisikiliza, akaikata simu, akakaa chini kwenye mchanga katikati ya dagaa wake. Nilidhani ni msiba. Kisha akanyanyua vidole viwili, akaanza kucheka na kulia. Nilimwinua tukacheza, wazee wawili, bila ngoma. Watu walitoka kuangalia. Dagaa wa siku ile walikanyagwa, mwulize yeyote.

Hapo chini Mama Asnath anaandika mwenyewe.

*Emere mwanangu. Ulinidanganya vizuri. Mungu akubariki. Nakuja na migebuka wa ziwani. — Mariana*

Tunapanda tarehe nane Julai. Tukifika Msanzi, Mama Asnath atabaki na mwanawe, mimi nitakuja kwako Izia Jumamosi tarehe 13, nilale siku mbili unionyeshe mchoro wa kontrola yenyewe. Ignasi naye nitampitia, nimtazame hayo macho yake mazuri.

Meshack


Izia, Sumbawanga,
Jumapili, 14 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo, ingawa leo naitoa kwa shingo upande.

Jana nilichinja jogoo. Nilipika ugali wa ulezi, niliazima kwa jirani kiti chenye mgongo kwa ajili yako. Saa nane nilikuwa stendi. Gari la Msanzi likaja, nikapanda ndani kuangalia siti mpaka ya nyuma. Kondakta akasema, "Mzee wa kofia ya pama? Tulimpigia honi pale kituoni, hakutoka." Nikasubiri la saa kumi. Nikasubiri na la mwisho. Simu ya Mama Asnath haipatikani, ya Edwin inaita tu. Ignasi amekuja kwa magongo yake kukusalimu, amekula paja lako.

Niambie tu kama mko salama. Barua hii nampa dereva yuleyule.

Emere

N.B. Masista wa Sumbawanga, waliokuwepo wodi ilipofunguliwa tarehe 29, wameniita. Wanataka mashine kama ile kwenye kituo chao cha watoto. Wamesema wanamtaka "yule fundi wa kike wa Msanzi". Nilitaka kukwambia mezani, jogoo akiwa mbele yetu.


Msanzi,
Jumatatu, 15 Julai 2024

Fundi Emerensiana,

Marahaba. Sote tuko salama. Simu ya Mama Asnath imeishiwa chaji kwa kupiga picha, na Edwin amelala kama gogo, mwache.

Naomba radhi kwa jogoo, kwa kiti, na kwa kukuacha stendi. Nitakueleza ilivyokuwa.

Jumamosi saa saba nilikuwa tayari, begi mkononi, kofia kichwani. Nikaingia wodini kuaga. Pacha wameongezeka uzito lakini bado wanabebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, zamu kwa zamu. Asnath alitaka kula, mama yake alikuwa anafua. Sista Agnesi akanitazama, akaniashiria nivue koti. Nikadhani anataka kunipima kifua, kwa ajili ya kikohozi. Nikafungua vifungo. Akamchukua yule mvulana, akamlaza hapa, juu ya moyo, akanifunga naye kwa kitenge, akanikalisha kwenye kiti.

Emere, mimi ni mtu wa vyuma. Watoto wangu niliwashika walipokuwa wanaweza kukaa, kabla ya hapo niliogopa kuwavunja. Huyu ana uzito wa mkate. Alijikunja akatafuta mahali, akapata, akatulia. Kisha akaanza kulia. Wewe ulisema ndiye mwenye sauti. Mimi sauti hiyo sijaisikia na sitaisikia, lakini kilio chake kilikuwa kinanipiga hapa mbavuni, kifupi kifupi, kama mtu anayebisha hodi. Nikamwambia, "Karibu." Watu wodini wakacheka, nadhani nilisema kwa sauti kubwa. Akanyamaza, akalala.

Sista alikuja baadaye akaashiria nimrudishe. Nikatikisa kichwa. Asnath alimaliza kula, akanyoosha mikono. Nikatikisa kichwa. Mama Asnath akaja na nguo za kufua mabegani, akanionyesha saa ya ukutani, akanionyesha dirisha, vumbi limetimka barabarani.

Kumbe gari lilikuwa limepiga honi mara nne. Sikulisikia, na hata ningelisikia nisingetoka.

Mjomba wako,
Meshack